Unauza Pontiac, Chevelle au Mustang ya zamani uliyoifufua? Mnunuzi anaanza na karatasi, rangi baadaye

Fundi Bodi, Michigan (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni fundi bodi. Nafanya kazi Michigan kwenye gereji inayofufua gari za Kimarekani za miaka ya 60 na mwanzo wa 70, zile za milango miwili zenye V8 kubwa: GTO, Chevelle, Charger, Camaro, Mustang. Siku hizi hata Waswahili wenzetu wa huku wamo. Mtu ananunua bodi iliyolala ghalani, anahangaika nayo wikiendi, na ikishang'aa anapiga simu: "Kaka, gari imekamilika. Niiuze wapi, na nitaje bei gani?"

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali hilo huja limechelewa. Mauzo ya gari hizi huanza siku unayofungua bolti ya kwanza. Mnunuzi mwenye hela ya kweli anataka kujua gari ilitoka kiwandani ikiwaje, kipi kimebadilishwa, na nani anathibitisha. Ukiwa na majibu hayo kwenye faili, bei unaisimamia. Usipokuwa nayo, gari yako itakuwa nzuri tu, na nzuri ziko nyingi.

Nichukue moja tuliyouza, Pontiac GTO ya 1968. Ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu, akaniomba nisimamie mauzo kwa vile kila pembe ya bodi ile ilipita mikononi mwangu.

Kwa wasioifahamu: GTO ilizaliwa 1964. General Motors (GM), kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa na kanuni kwamba gari za ukubwa wa kati zisizidi injini ya inchi za ujazo 330. John DeLorean na wahandisi wenzake wa Pontiac wakaweka mashine ya 389 ndani ya Tempest LeMans, wakaiuza kama nyongeza ya hiari ili kanuni isiwakamate. Kufika 1968 bodi ilikuwa mpya, mashine ni 400 yenye nguvu za farasi 350, na mbele ina bampa la Endura lililopakwa rangi ya bodi. Mwaka huo ziliundwa 87,684. Kwa hiyo GTO ya 1968 si kitu adimu. Kinachoitenganisha moja na nyingine ni ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni chasisi namba. Kuanzia 1968 inasomeka kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele. Yetu ilianza na 242378P. Tarakimu 2 ya mwanzo ni Pontiac, 42 ni GTO, 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa la chuma, 8 ni 1968, na P ni kiwanda cha Pontiac hapa hapa Michigan. Kuanzia 1966 mpaka 1971 hiyo 242 inatosha kusema gari ilizaliwa GTO. Ukishika ya 1964 au 1965, chasisi namba itakuonyesha LeMans tu, na hapo ndipo watu hupigwa, maana beji za GTO zinauzwa dukani.

Ushahidi wa pili una raha yake kwa wenye Pontiac. Chapa yenyewe GM iliifunga 2010, lakini kumbukumbu za ankara za kiwandani zimetunzwa, na Pontiac Historic Services hukupa nakala ya ankara ya gari yako kwa chasisi namba. Inataja mashine, gia, rangi, kila nyongeza iliyolipiwa, na muuzaji aliyepelekewa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kazi inayokufanyia. Iagize kabla hujanunua hata lita moja ya rangi.

Naeleza kwa nini. Gari hii ilikuja kwetu nyekundu, na mzee alitaka irudi nyekundu inayong'aa zaidi. Bamba la Fisher Body, waunda bodi wa GM, kwenye ukuta wa mashine (ule unaotenga injini na abiria) lilikuwa na herufi Q, ambayo kwa mwaka ule ni Verdoro, kijani iliyokolea, na ankara ikakubaliana nalo. Tulipokwangua ndani ya buti na chini ya kiti cha nyuma tukaikuta kijani yenyewe imelala. Nilimwomba mzee airudishe kijani. Alisita. Nyekundu inavutia macho barabarani, ni kweli, lakini mnunuzi anayesoma bamba ataona herufi inasema kimoja na macho yanaona kingine, na kuanzia hapo atatilia shaka mpaka kazi ambayo haina doa. Mwishowe akakubali, na mnunuzi wetu alisafiri kutoka jimbo jingine kwa sababu alikuwa akitafuta Verdoro.

Ushahidi wa tatu ni mashine. Mbele ya bloku, upande wa abiria, kuna herufi mbili: WT kwa ile ya farasi 350 yenye gia ya mkono, YS kwa otomatiki. Kuanzia 1968 bloku pia imegongwa sehemu ya chasisi namba. Zikilingana na za dashibodi, una mashine iliyozaliwa na gari. Silinda hedi zina namba zake, 16 kwa mashine hiyo. Na kila chuma kilichosubiwa kina tarehe: herufi ya mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba, kisha siku na mwaka. Tarehe ya chuma lazima itangulie tarehe ya gari kuunganishwa. Mashine iliyosubiwa Juni haiwezi kuwa ndani ya gari iliyotoka kiwandani Machi. Nimeona watu wakitetea jambo hilo kwa sauti kubwa mbele ya mnunuzi mwenye tochi, na mauzo yakafa palepale.

Piga picha ya namba hizo zote kabla ya kusafisha na baada, kwa mwanga wa pembeni, ili uso wa chuma uonekane. Kiwandani uso ule ulichongwa na mashine na huacha mistari myembamba sambamba. Ukisagwa ili kugonga namba bandia, mistari inapotea.

Sasa bodi, kazi yangu. Gari za familia hii ya GM huoza chini ya kioo cha nyuma, sakafu ya buti, nyuma ya matairi ya nyuma, na chesisi pale inapopinda juu ya ekseli. Mnunuzi anajua. Atakuja na sumaku, au na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa mikroni mia moja na ushee, ya kurudiwa vizuri inapanda, na penye puti nene (ile ya kujazia mabonde) kipimo kinaruka mamia kwa mamia. Kwa hiyo tulipiga picha kila hatua: bodi ikiwa chuma kitupu, mabati mapya yakichomelewa, praima, puti ile nyembamba ya kunyooshea, mpaka klia, lile tabaka angavu la juu. Picha ya bati likiwa uchi ina thamani kuliko maneno yangu yote, kwa sababu baada ya rangi hakuna anayeweza kuthibitisha kilichomo ndani.

Bampa la Endura nalizungumzia peke yake, maana ndilo linalowaumbua wengi. Ni mpira mgumu juu ya chuma. Ukilipiga rangi kama boneti, bila dawa ya kuifanya rangi inyumbuke, litapasuka nyufa ndogo ndani ya misimu michache. Na hata likipigwa sawasawa, kijani yake inaweza kuonekana tofauti kidogo na ya boneti. Tuliandika hivyo kwenye tangazo. Tuliandika pia kwamba rangi ni ya kisasa, tabaka la rangi na klia juu, wakati GM enzi hizo ilitumia laka ya akriliki; kwamba bati la sakafu la upande wa dereva ni jipya; kwamba redio haifanyi kazi. Hakuna aliyepunguza bei kwa hayo. Mtu akiona umetaja redio mbovu, anaamini ulichosema kuhusu mashine.

Nitaendelea na bei na mahali pa kuuzia. Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Ohio

Mkuu, elimu imetulia. Mimi nina Camaro ya 1969, nimeshaweka hela nyingi mno. Nataka nirudishe gharama zote na faida kidogo. Bei yangu nimepanga kwa kujumlisha risiti. Niko sahihi?

Fundi Bodi, Michigan

Hapana, mkuu, na nakuambia kwa upendo kabisa. Soko halijui risiti zako. Kuifufua gari nzima, bodi ikitenganishwa na kila kitu, ni kazi ya saa elfu moja na zaidi. Tuseme fundi analipwa dola 80 kwa saa: hizo ni dola 80,000 kabla hujanunua spea, kroma, viti wala ovahoo ya mashine. Gari nyingi za kawaida hazifiki hapo hata zikiwa safi kabisa. Anayerudisha gharama ni yule aliyefanya kazi kwa mikono yake mwenyewe na hajilipi, au aliyeanza na gari yenye asili nzito.

Camaro za 1969 ziliundwa 243,085. Kati ya hizo, Z/28, toleo la mbio, ni 20,302, na ZL1 ya bloku la alumini ni 69 tu. Gharama ya kupiga rangi ni ileile kwa zote tatu. Bei ziko mbali kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo jiulize kwanza yako ni ipi kati ya hizo, na unathibitishaje.

Kupata bei, anza na madaraja ya Hagerty, kampuni ya bima ya Traverse City hapa Michigan. Daraja 1 ni gari ya mashindano makubwa, bora duniani za aina yake. Daraja 2 inaweza kushinda maonyesho ya mtaani. Daraja 3 inaendeshwa vizuri na ina kasoro ndogo zinazoonekana ukisogea. Daraja 4 kasoro zinaonekana ukiwa mbali. Karibu kila muuzaji hujipa 2 wakati gari yake ni 3. Mwite mkaguzi wa kujitegemea, mlipe wewe, na ripoti yake iweke kwenye faili hata ikikuuma. Kisha tazama bei zilizolipwa kweli minadani kwa gari kama yako, mashine ileile, gia ileile. Bei za matangazo ni matamanio ya wauzaji, usizifuate.

Risiti zako lakini zitunze zote. Ukiuza kwa faida, kodi ya mapato inahesabiwa juu ya faida, na gharama za kufufua huongezwa kwenye gharama yako ya kununua. Bila risiti huna cha kumwonyesha mhasibu. Ukiuza kwa hasara gari yako binafsi, hasara hiyo haipunguzi kodi.

Dada wa Minnesota

Habari kaka. Baba mkwe ametangulia mbele ya haki, ametuachia Chevelle SS ya 1970, nyeusi yenye mistari myeupe. Aliinunua ikiwa imeshafufuliwa. Mume wangu anasema ni SS 454 halisi. Kuna mtu kaja mara mbili na fedha taslimu, anataka tumalize haraka. Nashindwa kujua tunauza nini.

Fundi Bodi, Michigan

Pole sana dada kwa msiba, Mungu ampumzishe mzee. Msiuze kwanza. Mwambieni huyo ndugu asubiri. Kama gari anaitaka kweli atarudi.

Chevelle ya 1970 ndiyo ngumu kuliko GTO, na sababu ni hii. SS (Super Sport) mwaka ule ilikuwa fungu la nyongeza juu ya Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, msimbo Z25 kwa SS 396 na Z15 kwa SS 454. Chasisi namba ya Malibu ya V8 yenye paa la chuma inaanza 136370, iwe SS isiwe SS. Bamba la ukuta wa mashine nalo halisemi. Na Chevrolet za Marekani za miaka ile hazina kumbukumbu za ankara kama za Pontiac. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua Malibu ya kawaida, akaweka boneti, mistari, beji na mashine ya 454, na kwa macho hutaitofautisha. Ziko nyingi barabarani, na wengi wanaozimiliki hawajui. Simsemi baba mkwe, huenda alidanganywa au huenda ni ya kweli.

Anzeni na karatasi za mzee: droo, bahasha, kitabu cha huduma. Mnatafuta kibati kidogo cha chuma kilichokuja na kitabu cha waranti, kinaitwa Protect-O-Plate. Mnatafuta karatasi ya kiwandani ya kuunganishia gari, ambayo mara nyingi ilisahauliwa juu ya tangi la mafuta au ndani ya viti. Kama tangi halikushushwa wakati wa kufufuliwa, mwite fundi alishushe taratibu. Karatasi hiyo ikipatikana na namba zikilingana, mmeshika kitu kikubwa.

Halafu mashine. Mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria kuna uso bapa wenye mihuri: herufi T, maana mashine kubwa zilitoka kiwanda cha Tonawanda, New York, tarehe, msimbo, na pembeni sehemu ya chasisi namba. Tofauti ya fedha hapa ni kubwa. Mashine ya 454 ilikuwa ya aina mbili: LS5 ilitangazwa farasi 360, LS6 farasi 450, na LS6 zinazotajwa ni 4,475 kwa mwaka huo peke yake. Msikubali mtu asafishe uso ule kwa msasa. Brashi laini na mafuta ya taa tu.

Difu ya bolti 12 na breki za diski mbele zinatarajiwa kwenye SS, lakini hizo hufungwa kwa spana, haziwezi kuwa ushahidi peke yake.

Ikionekana si SS ya kuzaliwa, bado ina soko. Iuzeni kwa jina lake: Malibu ya 1970 iliyojengwa kwa sura ya SS. Wapo wanaotaka kuendesha tu na hawajali asili. Mkiitangaza SS bila ushahidi na mnunuzi akagundua baadaye, mnaweza kuishia mahakamani, na jina la mzee litatajwa humo.

Jambo la mwisho: kwa mali ya urithi, gharama mnayoanzia kwa hesabu ya kodi ni thamani ya gari siku mzee alipofariki. Pateni tathmini ya maandishi ya tarehe hiyo sasa.

Dada wa Minnesota

Asante sana kaka. Tumepata bahasha ya picha na risiti za mmiliki wa kabla ya mzee. Wikiendi tunaangalia tangi. Nitarudi.

Mhandisi, Houston

Natofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Huku Texas watu wa umri wangu hawataki gari ya kuangalia. Mimi niliweka mashine ya LS, V8 ya kisasa ya GM, gia ya otomatiki yenye spidi nyingi, kiyoyozi, breki za diski pande zote. Naendesha kilomita mia tano bila wasiwasi. Na bei niliyopewa imezidi za wenye namba zinazolingana. Sasa karatasi za nini?

Fundi Bodi, Michigan

Mkuu, hoja yako ni ya kweli na soko la gari za namna yako limekua sana. Wazee waliozikumbuka gari hizi zikiwa mpya wanapungua, na wanunuzi wanaokuja wanataka kuwasha na kwenda. Bodi iliyoanza ikiwa ya kawaida, isiyo na mashine yake, wewe umeifanyia jambo sahihi.

Lakini hata yako inauzwa kwa karatasi, ni za aina nyingine tu: nani alijenga, spea gani, mashine ina umri gani, waya nani alizipitisha. Ninachoombea ni kimoja: mtu asichukue GTO yenye mashine yake ya kuzaliwa akaikatia chesisi. Hairudi tena. Mustang ya kijani ya 1968 aliyoiendesha Steve McQueen kwenye sinema iliuzwa Kissimmee, Florida, Januari 2020, nyundo ikagonga dola milioni 3.4. Haikuwa imefufuliwa, makovu yote ilikuwa nayo. Ni gari ya pekee, najua, ila inakuonyesha wanunuzi wanavyopima kitu ambacho hakijaguswa. Mimi naishi kwa kufufua magari, na bado mteja akileta gari yenye rangi yake ya kwanza iliyofifia namshauri aioshe na aiache.

Mdau wa Ohio

Mnada au tangazo?

Fundi Bodi, Michigan

Inategemea gari. Minada ya jukwaani mikubwa ni Barrett-Jackson ya Scottsdale, Arizona, kila Januari, na Mecum, yenye Kissimmee mwezi huohuo na Indianapolis mwezi Mei. Barrett-Jackson gari nyingi huuzwa bila bei ya chini: mkono wa mwisho ukinyanyuka, gari imekwenda hata kama roho inakuuma. Mnunuzi hulipa takriban asilimia 10 juu ya bei ya nyundo, na hiyo anaipigia hesabu kabla ya kunyanyua mkono. Wewe nawe unalipa kuingia, kamisheni, na kusafirisha gari. Gari yako inapata dakika chache jukwaani, na ukiwekwa asubuhi ya siku ya kwanza ukumbi una viti vitupu. Kwa gari adimu yenye ushahidi, nenda. Kwa Camaro ya kawaida, sikushauri.

Sisi GTO tuliipeleka mnada wa mtandaoni. Kwenye Bring a Trailer zabuni hukaa wiki moja, na mtu akipandisha bei dakika mbili za mwisho saa inaongezwa, kwa hiyo hakuna wa kuvizia. Kazi yake ni maoni ya hadharani. Watu wanaoijua Pontiac kuliko mimi waliuliza mambo mpaka usiku: tarehe ya kabureta, rangi ya mashine kama ni ile bluu ya Pontiac ya miaka ile, mkandamizo. Hili la mkandamizo jiandaeni nalo. Mashine hizi zilitoka na uwiano wa karibu 10.75 kwa 1, kwa petroli yenye risasi ambayo haipo tena. Sisi tulikuwa tumeweka pistoni za kupunguza uwiano na viti vya valvu vigumu, tukajibu kwa picha na risiti. Kila swali tulilijibu siku hiyohiyo. Muuzaji akikaa kimya siku mbili, bei inakwama.

Weka video ya kuwasha mashine ikiwa baridi asubuhi. Weka picha za chini ya gari ikiwa juu ya lifti, ziwe nyingi. Na kilomita usizitangaze kama ukweli: vipimo vingi vya enzi zile vina tarakimu tano tu, vikifika maili 99,999 vinaanza upya.

Tangazo la kawaida, kama Hemmings ambao wapo tangu 1954, linafaa ukiwa na subira. Na ukiwa karibu na Detroit, Jumamosi ya tatu ya Agosti ipeleke barabara ya Woodward, kwenye lile gwaride la magari lililoanza 1995. Weka karatasi ya maelezo kiooni na faili kwenye kiti.

Kijana wa Kinondoni

Shikamoo wakubwa. Je, GTO kama hiyo inaweza kuletwa Dar?

Fundi Bodi, Michigan

Marahaba mdogo wangu. Kwa Tanzania uliza TRA kwanza, maana gari yenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na usukani wake uko kushoto. Kenya mlango ni mwembamba zaidi: gari iliyozidi miaka minane haiingii kwa njia ya kawaida, wala yenye usukani wa kushoto.

Mzee wa Göteborg

Niongeze. Huku Sweden gari hizi zinapendwa kuliko mnavyodhani, majira ya joto barabara zinajaa V8 za Kimarekani. Wauzaji wa huko msiwafukuze wanunuzi wa Skandinavia wanaoandika Kiingereza kifupi. Wako makini.

Fundi Bodi, Michigan

Shikamoo mzee, asante. Ni kweli kabisa. Muuzaji ajue tu kwamba forodha ya Marekani inataka hati halisi ya umiliki na gari yenyewe zifikishwe saa 72 kabla ya kupakiwa melini. Hati yenye deni la benki au jina lisilolingana inazuia kontena zima.

Mdau wa Ohio

La mwisho mkuu, malipo. Nimesikia visa vya hundi feki.

Fundi Bodi, Michigan

Hapa simameni imara. Hundi ya benki iliyoghushiwa inafanana kabisa na ya kweli. Benki yako inaweza kukuwekea fedha kwenye akaunti, ukakabidhi gari, na baada ya siku kadhaa hundi ikarudi na fedha ikatolewa. Mnunuzi anayekutumia zaidi ya bei na kuomba umrudishie ziada umlipe "msafirishaji" wake ni mwizi, kata mawasiliano. Sisi tulikubali uhamisho wa benki kwa benki peke yake, na nilimpigia ofisa wa benki kwa namba niliyoitoa kwenye tovuti ya benki, siyo iliyokuwa kwenye barua pepe. Mnunuzi akitaka kulipa kwa hundi ya benki, nendeni naye kwenye tawi lililoitoa, ichapwe mbele yenu.

Hati ya umiliki isisainiwe wazi. Jina la mnunuzi liandikwe kabla hujasaini, na nakala ya kitambulisho chake ibaki kwako. Hapa Michigan njia salama ni kwenda wote wawili ofisi ya Secretary of State, ndiyo inayosajili magari huku, uhamisho ufanyike mkiwa mmesimama pale, na vibao vyako vya namba unaondoka navyo. Majimbo mengine yana fomu ya kuarifu kwamba umeuza. Ijaze siku hiyohiyo.

Kwenye mkataba wa mauzo andika mambo yaleyale uliyoyaandika kwenye tangazo, pamoja na kasoro. Wetu ulikuwa na mstari wa bati la sakafu na mstari wa redio, na mnunuzi aliweka sahihi ndogo pembeni ya kila mmoja.

Bima usiikate mpaka gari imepanda trela na karatasi ya msafirishaji ina sahihi. Piga picha ya kila upande ikiwa juu ya trela, na ya chasisi namba, halafu mtumie mnunuzi kabla dereva hajawasha.